Siku Elfu Bila Ajali

Ufalme wa Jabalini haumo katika ramani yoyote, na msomaji atakayedai kwamba anaufahamu ajiulize mwenyewe ameufahamia wapi. Ulikuwa ufalme wa mawe. Milima yake mawe, riziki yake mawe, na sifa ya kila mfalme aliyeketi katika kiti chake ilipimwa kwa urefu wa kile alichokijenga. Mfalme wa kwanza alijenga ukuta. Wa pili akajenga daraja. Huyu wa tatu, ambaye ndiye wa habari yetu, alikuta ukuta upo na daraja lipo, akaamua kujenga mnara. Alipoulizwa mnara huo ni wa kazi gani, alijibu kwamba akiwa juu yake atawaona raia wake wote kwa pamoja, maana huku chini walikuwa wakimchanganya.

Mpangilio wa ufalme ulikuwa mwepesi kueleweka. Juu alikaa Mfalme. Chini yake lilikaa Baraza la watu saba, akiwamo Waziri wa Kazi, ambaye hakuwahi kushika chepe, na Waziri wa Sifa, ambaye wajibu wake ulikuwa kuhakikisha kwamba kila linalotendeka Jabalini lina jina zuri. Chini kabisa walikuwapo waashi, wachonga mawe, wachoma chokaa na wabeba karai, watu wasiohesabika. Na kati ya Baraza na watu hao alikuwapo mtu mmoja aliyeitwa Mkaguzi Mkuu wa Majukwaa, yale ya miti ya mirunda na kamba ambayo waashi hupanda ili wajenge. Jina lake lilikuwa Ngwali.

Ngwali hakuzaliwa mkaguzi. Alikuwa mwashi kwa miaka kumi na minane. Alijifunza kazi kwa fundi mmoja pamoja na rafiki yake Chengo, wakila sahani moja na kupokezana timazi moja, mpaka ikawa ukimwona mmoja unauliza mwenziwe yuko wapi. Mnara ulipoanza na watu wakaanza kuumia, Ngwali ndiye aliyekwenda mbele ya Baraza na kupendekeza kwamba langoni pa kazi pawekwe ubao. Juu ya ubao iandikwe idadi ya siku zilizopita bila mtu kuumia. Akiumia mtu, idadi ifutwe, kazi isimame siku nzima, na wote wakae chini watafute kilichosababisha.

Mwaka wa kwanza idadi ile ilifutwa mara tisa, na kila ilipofutwa watu walijifunza jambo. Walijifunza kufunga ngazi kwa juu na si kuiegemeza tu. Walijifunza kutopita chini ya kapi linapovuta mawe. Wachoma chokaa walishonewa vitambaa vyepesi vya kufunika macho. Waashi waliupenda ubao ule kama mtu anavyompenda rafiki asiyemficha kitu, na kwa sababu ya ubao huo Ngwali akapewa joho, muhuri na nyumba yenye sakafu ya mawe yaliyosuguliwa.

Balaa lilianza na sifa. Mfalme wa nchi jirani alipita Jabalini siku ubao ulipokuwa unasoma tisini. Alisimama mbele yake, akatikisa kichwa kwa mshangao, akasema kwamba hajapata kuona mfalme anayewatunza watu wake kiasi hiki. Mfalme wa Jabalini hakulala vizuri usiku ule kwa furaha. Tangu hapo kila asubuhi, kabla hata ya kuletewa maji ya kunawa, alikuwa akiuliza, "Imefika ngapi?"

Siku ya mia mbili na kumi na mbili, Ngwali aliingia barazani akiwa na vumbi viatuni.

"Imefika ngapi leo?" Mfalme akauliza.

"Leo ingekuwa mia mbili na kumi na mbili, Mtukufu. Lakini Faki mchonga mawe amekatika kidole asubuhi hii. Nimekuja kuarifu kwamba tunafuta."

Waziri wa Sifa alikohoa kwa adabu. "Kidole kipi, Bwana Mkaguzi?"

"Cha shahada, mkono wa kushoto."

"Na vilivyobaki ni vingapi?"

"Tisa, Bwana Waziri."

"Basi mimi, Mtukufu, naomba tusiwe wepesi wa maneno. Mtu mwenye vidole tisa unaweza kumwita aliyepatwa na ajali. Unaweza pia kumwita mtu mwenye vidole tisa. Maneno yote mawili ni ya kweli, na mtu mwenye busara, akipewa kweli mbili, huchagua ile isiyomsononesha mfalme wake."

Baraza likatikisa vichwa. Mfalme akamgeukia Ngwali kwa sauti ya upole, na upole ule ndio uliommaliza. "Ubao ni wako, Ngwali. Uliubuni wewe. Wewe unaonaje?"

Ngwali alitazama zulia. Alimfikiria Faki ameketi kivulini, mkono umefungwa kitambaa, akingoja kazi isimame kama ilivyokuwa desturi. Akaifikiria pia nyumba yake na joho lake, na namna watu hawa saba walivyokuwa wakimsubiri kama mtu mwenzao. "Labda," alisema, "tuuite mkwaruzo."

Hakuna aliyemlazimisha kulisema neno lile. Miaka iliyofuata alijaribu mara nyingi kukumbuka kwamba alilazimishwa, na mara zote alishindwa.

Neno la kwanza ndilo zito. Yaliyofuata yalikuja yenyewe. Aliyeunguzwa macho na chokaa aliandikwa kuwa ana macho mabovu ya kurithi. Aliyevunjika mguu aliandikwa kuwa amejiuzulu. Waliokufa waliandikwa kuwa walikuwa walevi, au wagonjwa, au walikuwa wamekwenda kazini siku ambayo hawakutakiwa kwenda. Kazi haikusimama tena, na kwa kuwa haikusimama, hakuna aliyekaa chini kutafuta kilichosababisha, na kilichosababisha jana kikasababisha tena leo. Ubao ukaendelea kupanda. Waashi wakawa wanapita mbele yake bila kuutazama, na wakikutana na Ngwali walimsalimia kwa cheo chake tu.

Mmoja peke yake aliendelea kumwita kwa jina, naye alikuwa Chengo.

Siku ya mia tisa hamsini na nane, Chengo alimfuata Ngwali kwenye chumba chake cha kumbukumbu. Mkononi alikuwa ameshika kipande cha kamba ya katani. Alikikunja mara moja, kikakatika kama jani kavu na kumwaga unga mweupe juu ya meza.

"Jukwaa la mashariki, dari ya juu," alisema. "Chokaa imezila kamba na mvua imezimalizia. Mirunda inalia tukikanyaga. Njoo uone, sahibu yangu."

Ngwali alivua joho, akapanda. Ilikuwa muda mrefu hajapanda na magoti yalimsumbua, lakini jicho la fundi halizeeki. Alizigusa kamba moja moja. Alipoteremka hakuwa na shaka yoyote. Alimwambia Chengo, "Nitaomba siku tatu tuzibadilishe zote," akaenda moja kwa moja barazani.

Walimsikiliza mpaka mwisho. Huko ndiko kulikotisha katika Baraza la Jabalini, kwamba lilikuwa linasikiliza mpaka mwisho.

Waziri wa Kazi ndiye aliyeanza. "Kamba hizo, Bwana Mkaguzi, ni watumishi wa Mfalme kama sisi. Je, zimelalamika?"

"Kamba hazisemi, Bwana Waziri."

"Basi anayelalamika si kamba. Ni nani?"

Ngwali aliogopa kulitaja jina la Chengo, na alijisifu kimoyomoyo kwamba anamlinda rafiki yake.

"Zimebaki siku arobaini na mbili kufika elfu," Mfalme alisema. "Nimekwisha kuwaalika wafalme watatu. Siku hiyo bendera yangu itatundikwa kileleni. Leo unaniambia nisimamishe kazi siku tatu, watu waanze kuuliza kwa nini, na mbio za elfu ziishie kwenye minong'ono. Ngwali, tia muhuri. Baada ya sherehe tutabadilisha kamba za ufalme wote, hata za kitanda changu."

Baraza likacheka kwa heshima. Karatasi ikaletwa, imeandikwa tayari: *Majukwaa yote yamekaguliwa na ni mazima.* Ngwali aliushika muhuri. Ulikuwa mdogo, unaenea kiganjani, na alishangaa jinsi usivyokuwa na uzito. Akautia.

Chengo alikuwa akimngoja langoni. "Wamesemaje?"

"Zimepimwa. Zitavumilia mpaka sherehe."

"Nani amezipima?"

"Mimi."

Chengo alimtazama usoni kwa muda. Huenda aliona kitu, huenda hakuona. Ngwali hakupata kujua. Kisha akainama akaokota karai lake. "Ukisema wewe, basi," akasema, akarudi kazini.

Siku tatu baadaye, asubuhi, jua halijapata makali, dari ya juu ya jukwaa la mashariki iliachia. Chengo alianguka na mirunda mitano na karai la chokaa. Wenzake walimfikia akiwa bado anapumua. Lakini Waziri wa Sifa alifika kabla ya mganga, akaamuru kwa sauti ya huruma kwamba majeruhi apelekwe nje ya lango haraka, akapate hewa. Chengo akafia barabarani, kwenye kivuli cha kibanda cha muuza mihogo, hatua thelathini nje ya eneo la kazi.

"Kwa hiyo," Waziri wa Sifa aliliambia Baraza adhuhuri ile, "hakufia kazini. Jambo hilo linaonekana kwa macho."

"Na kuanguka?" Mfalme akauliza.

"Watu huanguka popote, Mtukufu. Wengine huanguka hata kutoka kitandani."

Wote wakamtazama Ngwali, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na muhuri, naye akautia kwenye karatasi ya kifo. Na ndiye aliyetumwa kuipeleka karatasi kwa mjane, kwa kuwa alikuwa rafiki wa marehemu na ingependeza.

Mwatime, mke wa Chengo, alimkaribisha ukumbini penye wanawake wengine wa matanga. Alimletea maji, kwa maana mgeni ni mgeni hata siku ya msiba. Kisha akaketi mkekani mbele yake. "Sijui kusoma, shemeji," alisema. "Nisomee wewe."

Ngwali akasoma. "Baraza la Mfalme linasikitika kuarifu kwamba Chengo, mwashi, amefariki dunia kwa sababu ya kuanguka kutoka kitandani mwake."

Mwatime aliinua uso, akatazama mlango wa chumba uliokuwa wazi. Kitanda kilionekana kutoka pale walipokuwa: kitanda cha kamba, kifupi, kimeinuka shubiri mbili kutoka sakafuni.

"Kitanda kile?" aliuliza.

Ngwali aliinamia karatasi.

"Soma tena, shemeji. Labda sikusikia vizuri."

Akasoma tena.

"Soma tena."

Akasoma mara ya tatu. Wanawake wale hawakulia wala hawakunung'unika. Walimtazama tu, na Ngwali akahisi joto likipanda kutoka shingoni mpaka kwenye ngozi ya kichwa, kama mtu aliyekutwa uchi sokoni na asiwe na mahali pa kuweka mikono. Mwatime akaipokea karatasi, akaikunja mara nne kwa utaratibu, akaiweka chini ya mkeka aliokalia.

"Asante kwa kuja," akasema. "Hujanywa maji yako."

Aliyanywa, kwa sababu hakuthubutu kuyaacha. Tangu siku ile akawa anapita vichochoro vya nyuma kwenda kazini. Alijizuia asipite kwa muuza mihogo. Mkewe alipomuuliza mbona hali, alisema tumbo. Usingizini alisikia sauti yake mwenyewe ikisoma, na akiamka aliikuta midomo yake inatikisika. Asubuhi alinawa, akavaa joho, akaenda kubadilisha namba kwenye ubao: mia tisa sitini na mbili, mia tisa sitini na tatu.

Siku ya elfu ilifika. Wafalme watatu waliketi kwenye viti vya mbele na watu wao. Ngoma zilipigwa, Waziri wa Sifa akahutubu, na ubao ukafunuliwa ukiwa umepakwa rangi ya dhahabu. Kilichobaki kilikuwa bendera. Mfalme akaashiria kwa mkono, na waashi wanne waliochaguliwa wakasogea mpaka chini ya jukwaa la mashariki, lililokuwa limefungwafungwa upya kwa zile zile kamba kuukuu. Wakasimama. Hawakupanda.

"Kuna nini?" Mfalme akauliza.

Aliyejibu alikuwa Fundi Mbaruku, mkubwa wa waashi, mzee mfupi mwenye kope nyeupe za chokaa. Alivua kofia. "Hakuna kitu, Mtukufu. Bendera tutaitundika. Tuna ombi moja dogo. Tunaomba atangulie kupanda yule aliyetia muhuri kwamba jukwaa ni zima. Akifika juu salama, na sisi tutamfuata."

Nyuma yake waashi wote walikuwa wamesimama, na katikati yao Mwatime, amevaa nguo za eda, jambo ambalo halikuwa la kawaida, na hakuna aliyemwambia kitu.

Mfalme alicheka, akawageukia wageni. "Watu wangu wanapenda mzaha. Ngwali, panda basi, tumalize."

Ngwali alitembea. Umbali haukufika hatua ishirini, na kila hatua aliisikia. Alifika kwenye ngazi, akaweka mguu kwenye kipago cha kwanza na mkono kwenye kamba. Kamba ilikuwa na unga ule ule. Ikamjia kwamba kupanda ndiko kuliko kwepesi. Akianguka, yataisha, na watu watasema alikuwa jasiri, na hatalazimika kumtazama mtu usoni. Kilichomshinda ni kuteremsha mguu na kugeuka. Alikaa hivyo muda mrefu, mguu mmoja juu na mmoja chini, wafalme wanne wakimtazama mgongo.

Kisha akauteremsha.

"Sipandi, Mtukufu," alisema. "Kamba zimeoza. Nilizishika kwa mkono wangu siku tatu kabla Chengo hajaanguka, nikajua zimeoza, nikatia muhuri. Akaniuliza nani amezipima, nikamwambia mimi. Hakuanguka kitandani. Alianguka hapa niliposimama. Na kabla yake wako wengine thelathini, waliokufa na waliolemaa, na majina yao ninayo yote, kwa sababu niliyafuta mimi. Zile siku hazikupata kufika elfu. Hazikufika hata mia tatu."

Sauti haikuwa kubwa, lakini ngoma zilikuwa zimenyamaza na watu waliokuwa karibu waliwapokezea waliokuwa mbali. Mfalme hakukasirika mara moja. Alionekana kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha ngeni. Alimwamuru Waziri wa Kazi apande, awaaibishe waongo. Waziri wa Kazi akasema ana kizunguzungu cha tangu utotoni. Akamwamuru Waziri wa Sifa. Waziri wa Sifa, ambaye hakuwahi kukosa neno, alifungua kinywa na kukifunga. Wengine watano waliangalia viatu vyao.

"Mtukufu," Fundi Mbaruku akasema kwa heshima ile ile, "kama hawa hawawezi, je, wewe?"

Mfalme akainua macho, akautazama mnara kutoka chini mpaka kileleni. Waliokuwa karibu walisema baadaye kwamba ilikuwa mara yake ya kwanza kuutazama kutoka mahali waliposimama wao. Akatazama mirunda, akatazama kamba. Halafu akawaambia wageni wake kwamba chakula kitapoa, akageuka akaondoka, na hakuna aliyemfuata.

Waashi hawakumrushia mtu jiwe, ingawa mawe yalikuwa tele. Waliweka vyombo vyao chini, karai juu ya karai, chepe juu ya chepe, wakaenda majumbani. Kesho yake hawakurudi, wala kesho kutwa. Wafalme watatu waliondoka bila kuaga. Mfalme akabaki na Baraza lake, na baraza lisilo na waashi ni watu saba waliovaa vizuri tu. Wakapungua mmoja mmoja, kila mmoja na udhuru wake. Mvua za masika ziliponyesha, jukwaa la mashariki likajiangukia lenyewe alasiri moja na kuzoa nusu ya ukuta wa mnara. Halikumuumiza mtu, kwa sababu hapakuwa na mtu. Mwezi ule ule Mfalme akaondoka Jabalini kwenda kukaa kwa wajomba zake, na inasemekana huko nako anaamka kila siku akiuliza namba, na wajomba humtajia yoyote inayowajia.

Kazi za ufalme zikashikwa na waashi wenyewe chini ya Mbaruku. Ngwali alingojea aadhibiwe. Aliweka nguo zake kwenye fuko, akakaa mlangoni siku mbili akingoja waje wamchukue. Hawakuja. Wengine hata walimsifu, wakasema bila yeye Mfalme angekuwapo mpaka leo, na sifa hiyo ilimuuma kuliko kijembe. Siku ya tatu akaenda kwa Mwatime.

Alimkuta anaanika nafaka uani. Akapiga magoti mbele yake, akaanza kusema aliyoyapanga njiani, akashindwa, akalia. Mwatime alimwacha kidogo, kisha akasema, "Inuka, shemeji. Sikuita mtu aje alie kwangu."

"Watu wanasema nilikuwa na ujasiri," Ngwali alisema. "Nimekuja nikwambie kwamba si kweli."

"Najua si kweli. Ujasiri ulikuwa na siku zake tatu, kabla Chengo hajaanguka." Aligeuza nafaka kwa kiganja. "Siku ile ulisema wako thelathini, na majina unayo. Mimi nilikuwa na bahati, nilikiona kitanda na kimo chake, nikajua karatasi inadanganya. Wenzangu je? Uliwapelekea karatasi kwa miguu yako. Kawapelekee kweli kwa miguu hiyo hiyo. Usimtume mtu."

Akaenda. Ilimchukua majuma saba, maana watu walikuwa wametawanyika. Nyumba nyingine alikaribishwa, nyingine alifungiwa mlango akasema yake kwa nje. Faki alicheka, akamwonyesha mkono wa vidole tisa, akamwambia mkwaruzo wake umepona. Mtu mmoja aliyepofushwa na chokaa alimtaka arudie kusema mbele ya watoto wake, ili wajue kwamba macho mabovu si ya kurithi na hayatawafikia. Akarudia. Hakuizoea kazi hiyo. Kila mlango ulimchoma upya, na alijifunza kwamba aibu haipungui kwa kugawanywa.

Nyumba ya mwisho ilikuwa nje ya ukuta, karibu na tanuri za chokaa. Alikaa humo mwanamke mtu mzima aliyeitwa Bi Mize, peke yake. Alikuwa barazani anachambua kunde kwenye ungo. Alimtambua kabla hajapiga hodi.

"Wewe ndiye uliyeniletea karatasi ya Shaame," alisema. "Mwaka wa pili sasa."

"Ndiye mimi, mama." Ngwali alibaki amesimama. "Nilikusomea kwamba mwanao alipanda jukwaa akiwa amelewa. Hakuwa amelewa. Ngazi haikufungwa juu, ikateleza. Fundi wake aliniambia asubuhi ile ile. Nikaandika ulevi kwa sababu ulevi haufuti ubao."

Vidole vya Bi Mize viliendelea kuchambua. Vilichambua ganda moja, la pili, la tatu. "Hata tone?"

"Hata tone, mama."

"Mimi nilishangaa," alisema taratibu, kama anayeongea na kunde. "Mtoto nimemlea mwenyewe. Nikasema, labda kazini kuna marafiki. Wanawake wenzangu walinijia tukamzike, nikawaambia siendi kumlilia mlevi. Wakaenda wao. Mimi nikakaa hapa hapa. Watu wakimtaja, naingia ndani. Sijamwombea dua hata moja. Nimeona haya miaka miwili kusema kwamba nilikuwa na mtoto."

"Haya ile ilikuwa yangu, mama."

"Ilikuwa yako," Bi Mize alikubali. "Lakini nimeibeba mimi."

Aliweka ungo chini. Akaingia ndani, akatoka amejifunika kanga ya kutokea, viatu mkononi. Akaketi kwenye ngazi kuvivaa, na Ngwali akaona vidole, vilivyokuwa havikosei kwenye kunde, vinakosea fundo la kamba za viatu.

"Wamemzika upande gani?"

"Kusini mwa makaburi, safu ya tatu, karibu na mchongoma. Nitakupeleka, mama."

"Hapana. Niambie tu ni wa ngapi."

"Wa tano kutoka njiani."

Bi Mize akarudia kwa sauti ndogo, wa tano kutoka njiani, akaondoka. Alikuwa anatembea haraka kuliko umri wake, kama mtu aliyechelewa kumpokea mgeni. Ngwali alimtazama mpaka alipokata kona ya tanuri. Hakuambiwa aondoke, wala hakuambiwa angoje. Kuku wawili wa jirani wakausogelea ungo wa kunde. Akawafukuza. Wakarudi, akawafukuza tena. Jua lilipopinda upande wa pili wa nyumba alikuwa bado yuko pale, amesimama, anafukuza kuku.